Manjano na Maji Yasiyokanyagwa

Jumamosi, tarehe 3 Desemba 1966. Asubuhi hiyo, karibu na Garissa, mvua ilikuwa imekatika. Upepo ulikuwa wa baridi, na wingu moja jeupe lilikaa juu ya bwawa kama kwamba halina haraka.

Manjano alikuwa kifaranga wa bata. Yai lake lilitoka kwa wakulima wa mtoni, na Ayeyo Ardo, yaani Bibi Ardo, akaliweka chini ya kuku wake. Basi mama yake Manjano alikuwa kuku, na ndugu zake vifaranga vya kuku. Watu wa pale walijua ngamia na mbuzi, bata hawakumjua. Walimwita kuku mwenye mdomo wa kijiko.

Ulikuwa wakati wa vita. Watu na mifugo walikuwa wamekusanywa na serikali mahali pamoja, wakinywa maji ya bwawa moja. Kwa hiyo mguu haukuruhusiwa kugusa maji. Yalichotwa kwa ndoo, yakamiminwa horini, kila mnyama akanywa kwa zamu yake. Mlinzi wa maji alikuwa Mzee Yarow, na fimbo yake ndefu.

Manjano akafika ukingoni nyuma ya mama kuku. Maji yalimetameta. Miguu yake ikaanza kumwasha, wala hakujua kwa nini.

Chubwi, akaingia.

Mama kuku akashtuka, kwe kwe kwe. Akina mama waliokuwa wakichota maji wakashtuka, ndoo zikawaponyoka. Saado, mjukuu wa Ardo, akashika kichwa.

"Ayeyo, Manjano anakufa."

Mzee Yarow akashtuka kuliko wote. Akasema bismillahi, akatupa fimbo, akaingia bwawani na viatu vyake, maji yakamfika kiunoni. Akamnyakua Manjano, akamweka pakavu, akamfuta kwa shuka.

Manjano akatikisa mkia. Chubwi, akaingia tena.

Mzee Yarow akabaki kinywa wazi. Kifaranga alikuwa akielea, akizunguka polepole, akimeza mdudu mmoja mdogo, raha mustarehe.

"Subhanallah," akanong'ona. "Hazami."

Kisha Ayeyo Ardo akasema, "Yeye kaingia na vidole vitatu vitatu. Wewe, Yarow, umeingia na viatu vya sokoni. Nani katuchafulia maji?"

"Mlinzi ajilinde," mama mmoja akadakia, na wote wakacheka.

Mzee Yarow hakucheka. "Nimekosa, nitatubu. Lakini haya ni maji ya kunywa. Huyu asirudi hapa."

Saado akamtoa Manjano, akamkumbatia, machozi yakamlengalenga. Manjano naye, pale kifuani, bado alikuwa akipiga miguu hewani, piga, piga, kama anaogelea.

Mzee Yarow akaiona miguu ile. Akaitazama kwa muda.

"Mwenye kiu hafukuzwi majini," Ayeyo Ardo akasema kwa upole. "Kiu ya huyu iko miguuni."

Mzee akachota ndoo, akaimimina katika hori kuukuu la mbao. Saado akamweka Manjano humo. Kifaranga akaogelea huku, akaogelea kule, akapiga mbizi, mkia ukabaki juu.

Ndipo Mzee Yarow akainua mkono, viatu vyake vikichuruzika maji, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Mama zangu mlio hapa, na wewe Saado, nisikieni. Mungu akinipa uzima, kila asubuhi, kabla ngamia hawajanywa, nitamjazia Manjano hori hili kwa mkono wangu mwenyewe. Wallahi."