Sinema ya Kitabu cha Chai

Lori la chai lilikuwa na tabia ya kuchelewa, na ni huko kuchelewa kulikomponza Chepngeno.

Kufikia saa nane mchana, wakulima wa upande huu wa Roret huwa wameshapanga vikapu vyao bandani, majani yamekaguliwa, yamepimwa, na lori liko Mungu ajua wapi, limelalia matope ya kilima gani. Ukungu ulikuwa ukishuka polepole juu ya mashamba, mpaka mtu asijue kijani kimeishia wapi na weupe umeanzia wapi. Katika hali kama hiyo mtu hulala au husengenya. Chepngeno, aliyemaliza fomu foo na ambaye mdomo wake haukuwahi kupewa likizo, alichomoa kitabu chini ya kikapu akaanza kuwasomea akina mama.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kizungu, kimepita chini ya magodoro ya mabweni mengi kabla ya kumfikia. Jalada lilikuwa limeng'oka, likaenda na jina lake. Kilichojulikana ni kwamba kilikuwa kimezua kelele nchi nzima: wahubiri walikilaani, walimu wakuu walikichoma, magazeti yalichapa barua za watu waliokasirika, na kila barua ilionyesha wazi kwamba mwenye kukasirika alikuwa amekisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Kilihusu mwanamke wa mji mmoja wenye mvua nyingi, na fundi wa saa, na chumba chao cha ghorofani, na yaliyotendeka humo. Nayo yalitendeka karibu kila ukurasa wa tatu.

Sasa, kati ya waliokuwa wakisikiliza alikaa Mama Elmina. Huyu alikuwa mama yake Kipkurui, yule kijana mpole wa stesheni ya reli ya Kipkelion aliyekuwa akicheka kwa mabega bila kutoa sauti, na ambaye Chepngeno alitaka kuzeeka naye. Koito, yale mazungumzo ya posa baina ya nyumba mbili, ilikuwa imekaliwa mara moja. Kikao cha pili kilibaki wiki chache. Je, msichana anaweza kufungua kinywa mbele ya mama mkwe mtarajiwa akatafsiri ukurasa wa arobaini na moja jinsi ulivyo?

Chepngeno aliufikia ukurasa huo kwa kasi, akaona shimo, akakata kona bila kuonyesha taa.

"Basi yule fundi," alisema, "akaingia shambani. Akachuma majani mawili na kichipukizi. Polepole. Bila kuvunja kitawi."

Mtu mmoja akakohoa.

"Hebu rudia hapo kwa kuchuma," akasema Nyanchama, ambaye alikuwa ametoka Kisii kuuza ndizi na hakuwa na kilo hata moja ya chai bandani. "Hapo sijashika vizuri."

Tangu siku hiyo kitabu kizima kikageuka shamba. Kulikuwa na kupalilia, kulikuwa na mbolea, kulikuwa na mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Wapenzi walipogombana katika ukurasa wa tisini, Chepngeno alisema mti umepogolewa, na kila aliyekuwa pale alijua maana yake: hakuna kuchuma miezi mitatu. Wanawake wawili walilia. Na fundi wa saa aliporudi akapanda zile ngazi, Chepngeno alisema tu, "Chai imechipua," akafunga kitabu, na akina mama wakakaa wakitazama ukungu kama watu walioamshwa kitandani kwa mtu mwingine.

Wakakiita Kitabu cha Chai. Wakarudi nacho nyumbani midomoni mwao, na jikoni kwingi huko Bureti siku hizo kulichekwa bila sababu. Waume waliambiwa kidogo, na wengi wao walielewa. Mzee Johana hakuelewa.

Mzee Johana ndiye mumewe Elmina, mwenyekiti wa kamati ya banda na mzee wa kanisa, mtu aliyependa chai kuliko maneno. Gekara, jamaa wa Kisii aliyezunguka masokoni na televisheni, deki na jenereta ndani ya pikapu, alipofika Roret akitangaza kwamba ile sinema ya Kitabu cha Chai sasa imetoka na kaseti anayo, mzee alisimama palepale sokoni akamshika mkono.

"Hiyo bicha ije," alisema. "Hayo ndiyo maendeleo."

Akatoa ukumbi wa ushirika bure. Akamwalika afisa wa kilimo. Jumapili tangazo likasomwa kanisani, kwamba Jumamosi saa tisa alasiri kutakuwa na sinema kuhusu kilimo cha chai katika nchi za ng'ambo, wote mnakaribishwa, na tafsiri itafanywa na binti yetu Chepngeno. Binti yetu alikuwa kwenye kwaya, katikati ya noti ya juu. Noti ikamfia kooni.

Alimkuta Gekara nyuma ya pikapu akifuta lenzi ya kitu kisichokuwa na lenzi.

"Kaka Gekara, sema kaseti imeharibika."

"Dada, imetangazwa kanisani. Nikisema kaseti imeharibika, wazee wataniharibu mimi."

"Umeiona lakini? Unajua kuna nini ndani?"

"Nimeiona mara tano," alisema Gekara kwa heshima. "Nilikuwa nikikagua kama ina mikwaruzo."

Nyanchama, aliyekuwa ameketi juu ya mikungu yake hapo karibu, hakumsaidia. "Mwambie mzee ni chai ya nchi baridi. Huko huchumwa bila nguo."

"Nyanchama, hii si mchezo. Akijua nilichokuwa nikimsomea mke wake, koito ya pili haikaliwi. Nimempoteza Kipkurui."

Nyanchama aliacha kucheka. Akamkatia ndizi moja, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

Jumamosi ilikuja na joto la ajabu, lile joto la Kericho ambalo kila mtu anajua linaficha nini. Madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa magunia, na jua likapenya kwenye nyuzi zake, likatawanya vitone vya dhahabu juu ya kofia za wazee na vitambaa vya akina mama, hata watu wakaonekana kama wamekaa chini ya maji. Wazee walikaa mbele. Afisa wa kilimo alifungua daftari, akaandika tarehe. Akina mama walikaa katikati, wamevaa nguo za kanisani. Vijana walijaa nyuma, wamekuja na miluzi yao tayari vinywani. Chepngeno alisimama kando ya televisheni.

Picha ikaanza. Mji wa kijivu, mvua, mwanamke akitembea na mwavuli uliopinduka. Chepngeno akatafsiri: mwanamke anaitwa nani, anakaa wapi, saa yake imesimama, anatafuta fundi.

"Shamba liko wapi?" akauliza Mzee Johana.

"Bado, Baba. Wanaanzia mjini."

"Hata sisi huanzia benki," mzee akawaeleza wenzake, nao wakaitikia kwa vichwa. Afisa akaandika.

Mwanamke akaingia dukani. Saa mia moja zilikuwa zikigonga ukutani, kila moja kwa wakati wake. Fundi akainua macho. Hawakusema neno, na Chepngeno hakuwa na la kutafsiri. Akasikia miguu ya watu ikisogea sakafuni. Kisha ngazi. Chepngeno alizijua zile ngazi. Alizijua hatua zake zote kumi na nne, na juu yake mlango, na nyuma ya mlango ukurasa wa arobaini na moja. Mkono wa fundi ukafika kwenye kifungo cha kwanza cha sweta. Chepngeno akafungua kinywa.

Mvua ya mawe ikaanguka.

Haikuja kwa kunyesha, ilimwagwa. Mabati ya ukumbi yalipiga ukelele mmoja mrefu usiokuwa na mapumziko, na sauti zote duniani zikazimika: jenereta, sinema, kikohozi cha afisa, mioyo ya watu. Gekara alionekana akisema kitu mlangoni, midomo tu. Lakini picha iliendelea. Mwanga wake wa samawati ulipanda na kushuka kwenye nyuso, na watu mia mbili wakaachwa peke yao na macho yao.

Chepngeno hakutazama sinema. Aliwatazama wao.

Vijana waliokuja kupiga miluzi walikaa vinywa wazi. Mluzi usiosikika haumsaidii mtu, na bila huo walionekana watoto. Kalamu ya afisa ilikuwa imesimama katikati ya neno. Mzee mmoja alishusha kofia usoni, kisha kofia ikapanda kidogo, ikashuka, ikapanda. Mwingine alikuwa akilia kimyakimya bila kujifuta, labda kwa ajili ya mtu aliyemzika. Ile baridi ya mvua ya mawe ikapenya kwenye magunia, na pamoja nayo harufu ya majani yaliyopasuka, harufu kali ya kijani, ikajaza ukumbi mpaka ikawa kama inatoka ndani ya kile chumba cha ghorofani.

Ndipo alipoona midomo ya akina mama.

Ilikuwa ikicheza, yote, kama watu wanaoimba wimbo wanaoujua. Alisoma neno moja kwenye midomo ya Nyanchama, akalisoma tena safu ya pili, na ya tatu. Polepole. Bila kuvunja kitawi. Walikuwa wakiitafsiri wenyewe. Na Chepngeno alipogeuza jicho kwenye kioo cha televisheni, kwa muda mfupi ambao hangeweza kuupima, aliona ukungu ukiingia dirishani mwa chumba kile, na kitanda chao kikiwa kimesimama katikati ya mistari ya chai, kijani mpaka upeo, na wale wawili humo wakiwa wapole kuliko walivyokuwa kwenye kitabu.

Mama Elmina naye alikuwa akisema. Macho yamefumbwa nusu, uso umelainika, midomo inatembea.

Na Mzee Johana alikuwa amegeuka kwenye kiti chake, anamtazama mkewe. Alimtazama kwa muda mrefu. Akatazama kioo. Akarudi kwenye midomo ya mkewe, kama mtu anayelinganisha hati mbili. Chepngeno akaona jambo likimwingia, taratibu, kuanzia kwenye nyusi.

Mvua ikakatika ghafla kama ilivyokuja. Sauti za sinema zikarudi zikiwa tupu, pumzi tu na kitanda kibovu, na Gekara akaruka akazima.

Mama mmoja wa safu ya pili akatoa uamuzi wake: "Hii si yenyewe."

"Si yenyewe hata kidogo," mwingine akadaka. "Yule jamaa ana haraka."

"Na ile miezi ya kupogoa wameitoa!"

"Kitabu kilikuwa na subira. Hawa wamekimbia tu."

"Ilikuwa fupi," kijana mmoja akalalamika huko nyuma, na dada yake akageuka akampiga kofi la kichwa.

"Mimi," afisa wa kilimo akasema akifunga daftari, "sikuona aina ya mche." Watu wakacheka mpaka magunia yakatikisika, naye akacheka pia, amechelewa kidogo.

Mzee Johana hakucheka. Alisimama, akavaa kofia, akatoka nje. Kicheko kikafa safu baada ya safu.

Elmina akamkonyeza Chepngeno. "Mfuate."

"Mimi, Mama?"

"Nimekaa na huyo mtu miaka thelathini. Akinyamaza hivyo, anangoja mtu."

Nje dunia ilikuwa nyeupe. Mawe ya mvua yalijaa kati ya mistari ya chai, na jua jipya likiyapiga, mvuke ukapanda kutoka kila kichaka. Mzee alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba, ameipa nchi nzima mgongo. Chepngeno alisimama hatua tano nyuma yake. Barafu ikaingia kwenye viatu vyake.

"Chepngeno."

"Naam, Baba."

"Hicho kitabu. Pale uliposoma kwamba anachuma. Kilikuwa kimeandika nini hasa?"

Alikuwa na uongo wa aina tatu tayari, na mmoja ulikuwa mzuri sana. Alikuwa na mzaha pia. Ulikuwa umekaa kwenye ncha ya ulimi kama siku zote. Na maneno yenyewe alikuwa nayo, kwa Kizungu, kwa Kiswahili, hata kwa Kipsigis, yale ambayo hakuna aliyemfundisha. Alimtazama mzee yule aliyekuwa baba wa Kipkurui, na maneno yote, ya kweli na ya uongo, yakarudi nyuma kama ng'ombe walioona nyoka njiani. Akainamisha kichwa.

"Sema."

Hakusema. Maji yakadondoka kutoka kwenye mabati ya ukumbi, tone, tone. Alijua kwamba kunyamaza ni kukiri, na bado hakuweza.

"Huwezi," mzee akasema mwishowe.

"Siwezi, Baba. Mbele yako siwezi."

Mzee Johana akashusha pumzi ndefu, ikatoka nyeupe kwenye baridi. "Tangu kikao cha kwanza watu wananiambia: yule msichana anaweza kusema chochote mbele ya mtu yeyote. Nilikuwa silali. Nikajiuliza, huyu ataniita vipi ndani ya nyumba yangu?" Aliinama akaokota jiwe la mvua, akalitazama likiyeyuka kiganjani. "Kumbe kuna mahali unafika unasimama."

Chepngeno hakuthubutu kuinua uso.

"Ijumaa tutakuja kukalia koito," mzee akasema. "Waambie watu wa kwenu tutakuwa tisa. Na Kipkurui nitamwandikia apande treni."

"Kongoi, Baba," alishukuru, na sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba hata yeye hakuitambua.

Nyuma yao ukumbi ulikuwa umechangamka upya. Akina mama walikuwa wamemzingira Gekara, na sauti ya Elmina ndiyo iliyopanda juu ya zote, safi, bila aibu, ikivuka mawe meupe hadi ukingoni mwa shamba:

"Rudisha nyuma mpaka kwenye ngazi! Na hiyo sauti yao, uizime!"

Mzee Johana aliinamia kichaka cha karibu, akaanza kukagua majani yaliyochanika, moja baada ya lingine, kwa makini sana, kama mtu ambaye hajasikia kitu.