Njia ya Kwenda Posta

"Hivi shoga, hao wageni unaowaelekeza posta, unawapeleka posta gani?"

Jirani wa upande wa choo aliuliza hivyo asubuhi moja akianika nguo. Mama Pindo hakumjibu papo hapo kwa sababu alikuwa na pini tatu mdomoni. Alikuwa barazani kwake, miguu juu ya pedeli ya cherehani, akipinda sketi za sare za shule. Alipozitoa pini akasema ni posta ile ile, kwani kuna nyingine? Jirani akamkumbusha kwamba posta ilibomolewa, huu mwaka wa nne, na pale sasa ni kituo cha mafuta. Mama Pindo akasema anajua. Ila wageni wanafika.

Na kweli walikuwa wanafika. Watu wa mji ule hawakuwahi kujifunza kuelekeza kwa vitu vilivyopo. Mgeni akiuliza njia aliambiwa anyooke hadi kwa fundi baiskeli, ambaye ana miaka kumi na mmoja kaburini. Akate kushoto penye ghala la pamba, ambalo sasa ni uzio wa bati. Apite bomba la maji, pale kina mama walipokuwa wakipanga ndoo na kusutana tangu alfajiri. Mbele kidogo ataiona posta, ina ngazi tatu na benchi la kijani. Kwenye benchi hilo asiyejua kusoma alisomewa barua yake, na benchi zima likalia naye.

Mgeni alinyooka, akakata, akapita, akaiona. Alirudi na stempu zake, akilalamika tu kwamba foleni ilikuwa ndefu. Wenyeji hawakuweza. Mwenyeji anajua posta haipo, kwa hiyo akienda anakuta pampu mbili na mlinzi. Mama Pindo alijaribu mara saba. Mara ya saba mlinzi alimtolea kiti.

Hakuwa anatafuta stempu. Aliyekaa dirisha la pili pale posta alikuwa mumewe, aliyefariki miezi mitano baada ya jengo. Wageni walimsimulia bila kuulizwa: mzee mmoja mpole, kola ya shati imeachia upande mmoja. Mama Pindo aliijua kola hiyo. Aliahidi kuishona wiki ile ile ya msiba.

Jumatatu, watu wa ofisi ya ardhi waliupaka ukuta wake alama nyekundu. Ijumaa nyumba ingebomolewa kupisha maegesho ya malori. Miaka minne nyuma mtaa mzima uliandika barua ya kupinga bomoabomoa hiyo, kila mtu akatia sahihi yake, na mumewe ndiye aliyeipokea dirishani jioni. Kesho yake asubuhi greda liliangusha posta pamoja na mfuko wa barua. Tangu hapo ofisi ina jibu moja: hakuna aliyepinga.

Jumatano alipita muuza miwani na sanduku lake, akauliza njia ya kwenda stendi. Mama Pindo akamwomba kwanza apitie posta, akamwelekeza vizuri.

"Dirisha la pili, baba. Mwambie ile barua ya mtaa aipige muhuri, aitoe. Mwambie ni mimi."

Hakuwa amemaliza sketi mbili, yule bwana akarudi na bahasha ya kaki yenye vumbi la matofali.

"Anakusalimu," akasema. "Kasema uache kukata uzi kwa meno, utabaki kibogoyo."

Mama Pindo alicheka. Kisha akaondoa miguu kwenye pedeli, akasali.

Alhamisi alikwenda ofisi ya ardhi. Afisa, mtu aliyehamishiwa pale mwezi uliopita kutoka mbali, aliisoma barua yote, na majina yote. Akasema muhuri ni halali. Hata karani wake, aliyehamia naye, hununua stempu hapo. Kisha akaigeuza bahasha.

"Mama, mwisho wa kupinga ulikuwa miaka minne iliyopita. Huu muhuri ni wa jana."

Mama Pindo akaangalia. Ulikuwa wa jana, umekolea vizuri. Mumewe alifanya kazi miaka thelathini na mmoja na hakuwahi kupiga tarehe isiyo ya siku yake. Watu walimlilia awarudishie tarehe, akakataa; shemeji mmoja alimnunia hadi kufa. Kila siku Mama Pindo alimshukuru Mungu kwa kumpa mume wa namna hiyo.

"Hakuwa mtu wa kurudisha tarehe," akasema.

"Basi imechelewa," akasema afisa, akaandika hivyo kwenye faili kwa mwandiko safi, akalifunga.

Hakumruhusu kuondoka. Alikaa akilitazama faili, halafu akashusha sauti. Alisema ana barua aliyomwandikia mama yake akiwa masomoni, hakuituma, na mama yake akafariki bila kuisoma. Yeye si mwenyeji pale. Kama Mama Pindo angemwelekeza.

Mama Pindo hakulelewa kumnyima mgeni njia. Akamwambia anyooke hadi kwa fundi baiskeli, akate kushoto penye ghala la pamba, alipite bomba la maji.

"Ukishalipita bomba, mwanangu, utaona nyumba yenye baraza, cherehani iko nje. Hapo ni kwangu. Posta inafuata."

Afisa akauliza, je, akichelewa, akienda keshokutwa, Jumamosi?

"Wewe utaiona," akasema Mama Pindo.

Afisa akatoa bahasha kwenye droo, akavaa koti lake, akatoka.