Tableti Zinazokula Maneno

Siku ya tatu tangu boti yake inusurike kugonga mtumbwi, Delphin aliamua kununua tableti ya kusomea katuni. Wengine wakiogopa huenda kuungama, wengine huenda kwenye pombe. Delphin tangu utoto alikimbilia katuni, na safari hii alikuwa ameogopa kweli kweli. Mtumbwi ule ulikuwa na mama wawili na mananasi yao. Alisikia mayowe kabla hajawaona, akakata usukani kwa nguvu zake zote, na wimbi likawalowesha wale mama kutoka kichwani mpaka miguuni. Abiria walipomuuliza, alijibu kwamba mtumbwi ulitokea ghafla. Ziwani hakuna kona ya kujificha wala ukuta wa kuchungulia, lakini yeye alilishikilia neno lake hilohilo: ulitokea ghafla.

Miaka kumi na moja alikuwa akipeleka watu kisiwani Idjwi na kuwarudisha Bukavu, katika boti ya mzee Léopold. Hakuwa na diploma ya kutundika ukutani; alikuwa na macho. Kama macho yale yameanza kumtupa, basi kazi imekwisha, na hilo ndilo lililokuwa dogo. Kubwa ni kwamba siku moja angewamwaga watu majini. Wazo hilo lilimjia kila aliposhika usukani, akalifukuza. Halikwenda mbali.

Kwa hiyo, tableti. Katuni zake za karatasi zilikuwa zimelowa na kugandana ndani ya boti, na kwenye simu herufi zilionekana kama sisimizi. Binamu yake wa Kinshasa alikuwa amempa kadi ya memori yenye katuni karibu mia mbili. Kilichobaki kilikuwa kupata kioo kikubwa cha kusomea wakati wa kungoja abiria. Carine, mkewe, alikuwa anapanda boti hiyohiyo saa nane kwenda kumwona mama yake Idjwi, basi asubuhi wakateremka pamoja kutoka kwao Nyalukemba mpaka dukani kwa Hervé, muuza simu na tableti.

Hervé alikuwa kijana mwenye sheria moja tu, na hakumpunguzia mtu. Alikuwa amechoshwa na wateja wanaorudisha vitu baada ya wiki wakidai kioo kina doa. Siku hizi mteja alipewa ukurasa mmoja, akausoma wote kwa sauti, mbele ya watu waliopo dukani. Akimaliza, hana tena la kudai.

"Hapa kwangu njo vile, tonton," alisema, kama mtu anayemwita mjomba wake, akiingiza ile kadi kwenye tableti kubwa nyeusi. "Unasoma page mzima. Kitu ikisha toka ku mulango, hairudie."

"Kusoma tu? Lete," Delphin akasema, akakohoa kama padri kabla ya mahubiri.

Katuni ilikuwa ya mshonaji mmoja aliyeibiwa mbuzi. Delphin akaanza kwa mbwembwe, akibadilisha sauti kwa kila mtu.

"'Haiko mimi! Mi nilikuwa ku misa!' ... 'Hata mi hapana, mbuzi inaniumizaka tumbo!' ... 'Muulizeni mupolisi, yeye njo anapendaka muchuzi!'"

Akasimama. Akaurudia ukurasa kwa macho, kutoka juu mpaka chini.

"Hii bédé ni katuni ya wazimu," alisema. "Batu bote banajibu, hakuna mwenye anauliza."

Carine akacheka, na mama mmoja aliyekuwa akichagua kava la simu akacheka naye. Hervé hakucheka. Aliichukua tableti, akaitazama, akamtazama Delphin, akafungua mdomo, akaufunga. Mfanyabiashara habishani na mteja asubuhi.

"Hii inakula maneno," Delphin akasema. "Lete ingine."

Ya pili ilikuwa ndogo zaidi, kioo chake kinang'aa vizuri. Delphin akaanza tena, safari hii bila mbwembwe. Haiko mimi, mi nilikuwa ku misa. Hata mi hapana. Muulizeni mupolisi. Sauti ilimpungua kabla hajafika mwisho. Aliisogeza tableti mbali, akaileta karibu mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. Majibu yaleyale. Kijasho chembamba kikamtoka mgongoni, ingawa mvua ya asubuhi ilikuwa bado inadondoka mlangoni na watu walikuwa wamevaa makoti.

"Papa Charlène," Carine alisema taratibu, akimwita kwa jina la binti yao, "unacheza?"

"Sicheze."

"Unaruka kipande mzima ya page."

"Mashini njo inaruka! Hervé, uko na ingine?"

Hervé akatoa ya tatu, ile ya kijivu ya kusomea vitabu tu, isiyo na rangi wala mwanga mkali. Delphin aliishika kwa mikono miwili. Alikuwa akiomba, na aliomba kitu cha ajabu: kwamba na hii nayo iwe mbovu kwa namna nyingine. Ivunjike, izime, iandike Kichina. Akasoma. Haiko mimi, mi nilikuwa ku misa.

Yule mama wa kava alishaacha kuchagua.

Carine akaweka kidole juu ya kioo. "Soma hapa."

Delphin aliuona mkono wa mkewe kutoka begani mpaka kwenye kiwiko. Baada ya hapo hakuona kitu. Ikabidi aufuate mkono huo, ageuze kichwa chote kushoto, na hapo ndipo alipomwona: mwanamke mnene, mita ya kushonea shingoni, mdomo wazi, amejaa nusu ya ukurasa. Juu yake maneno makubwa kama ya bango. *Nani alikamata mbuzi yangu?* Delphin akarudisha uso mbele. Mwanamke akatoweka. Akageuza, mwanamke huyu hapa. Akarudisha, hakuna. Hapakuwa na doa jeusi wala ukungu. Mahali pake palikuwa hapapo kabisa, na kichwa chake hakikuwa kimemwambia kwamba kuna kitu kinakosekana.

Hofu aliyokuwa akiifukuza siku tatu ikamkalia kifuani kwa uzito wake wote. Mtumbwi ule ulitoka kushoto. Bega lililokuwa likimuuma, ambalo kila asubuhi lilijigonga kwenye fremu ya mlango, lilikuwa la kushoto.

"Tonton," Hervé akasema, sasa kwa heshima kubwa, "hizi mashini zote tatu ni mazima. Siwezi kukuuzisha. Nenda kwanza kwa munganga ya macho."

"Mi nilikuya kununua, sikukuya kutafuta munganga!"

Hervé aliziweka zote tatu kwenye droo, akaifunga, akamrudishia kadi yake.

Njiani kuelekea gatini, upande wa Nguba, Delphin alitembea amemshika mkewe mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya barabarani tangu harusi yao. Pikipiki moja ilimpigia honi karibu ya sikio la kushoto, akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Usimwambie muzee Léopold," alisema. "Akijua, ananinyanganya boti leo leo."

"Na batu?"

"Batu nitabafikisha. Ile njia naijua hata nikilala. Safari moja tu, mama. Kesho naenda kwa munganga, naapa."

Carine alitembea hatua nyingi bila neno. Delphin alimjua: akigomba, mambo yataisha. Akinyamaza, ni balaa.

"Kama unaogopa, rudia nyumbani," Delphin akasema. "Utaona mama yako siku ingine."

"Nitapanda," Carine alijibu, akauachilia mkono wake.

Saa nane kasoro, boti ilikuwa imejaa. Delphin alikaa nyuma, kwenye mota, funguo zikiwa zimeshachomekwa. Alikuwa amekwisha kujipangia: ageuze kichwa kila mara, aende polepole, basi. Kama kawaida yake, akahesabu vichwa kabla ya kuondoka, akavihesabu tena.

"Kumi na moja," alimwambia Martine, mkata tikiti, aliyesimama gatini.

"Kumi na moja wapi? Nilikata kumi na saba."

Delphin akaangaza macho. Alikuwa akimtafuta mtu mmoja tu, na hakumwona. Basi amerudi nyumbani, aliwaza. Aliona uchungu, kisha nafuu, nafuu ya aibu: likitokea la kutokea, Charlène atabaki na mama yake.

"Unaona kama bibi yangu alipanda?" akamuuliza Martine kwa sauti. "Mama Charlène alirudia?"

Boti nzima ikacheka. Ah, huyu dereva na mizaha yake!

Mkono ukamgusa gotini.

"Niko hapa," Carine alisema. Alisema karibu sana, kiasi kwamba Delphin aliisikia pumzi yake shingoni, upande wa kushoto. "Niko hapa tangu wakati ulikuwa unahesabu."

Delphin akageuza kichwa chote. Mkewe alikuwa amekaa goti kwa goti naye, macho yamejaa machozi. Nyuma yake, kwenye benchi hilohilo, watu watano, mmoja wao mama mwenye mtoto mgongoni, walikuwa bado wanacheka na kumtazama. Watu sita wazima, mchana kweupe, ndani ya boti yake mwenyewe.

Alingoja kicheko kiishe chenyewe. Halafu akachomoa funguo kwenye mota na kumnyooshea Martine.

"Mushuke," alisema.

Minong'ono ikaanza. Mzee mmoja wa mbele akageuka, amekasirika, mfuko wake wa unga mapajani.

"Mushuke aje? Mota iko na panne?"

"Hapana, papa. Mota ni mzima," Delphin alisema. "Mi njo siyone."