Maonyo Sitini na Mawili

Nianze kwa kukiri kwamba Ladu alinikera tangu siku ya kwanza, na hakuwa amenikosea lolote. Tulikuwa wawili katika chumba kimoja cha ofisi pale Atlabara, Juba, mwaka 2009, tukitengeneza kurasa za msaada za programu ya friji za chanjo. Mimi niliandika maelezo: bonyeza hapa, jaza joto la friji pale, boksi hili liweke rafu ya kati. Kazi yake yeye ilikuwa sura ya kurasa hizo, na sura yenyewe aliiandika katika faili moja dogo la mitindo ambalo ningeweza kulisoma lote kabla chai haijapoa. Mimi nina kurasa mia moja na arobaini, mwenzangu ana ukurasa mmoja na nusu, tena ndiye aliyepewa kiti chenye mgongo.

"Mama Milly," alikuwa akiniambia kila asubuhi, kwa ile sauti yake ya kubembeleza mgonjwa, "kila onyo wewe ipe jina tu. Andika hii ni onyo. Rangi achia mimi, iko kwa faili yangu. Siku tukitaka kubadilisha, tunabadilisha pahali moja, kurasa yote inafuata."

"Nimesikia," nilimjibu.

Kusikia nilisikia. Kufanya sikufanya. Mimi nilijifunza kupiga taipu kwetu Iganga, kwa mwalimu aliyetuchapa vidole kwa rula herufi ikikaa vibaya, na tangu hapo siamini kazi nisiyoiona kwa macho. Eti niandike neno "onyo" pembeni, halafu rangi itakuja yenyewe kutoka kwenye faili la mtu mwingine? Niliyapaka mwenyewe, onyo moja moja: kisanduku chekundu, na ndani yake herufi nyeupe nene. Kwenye skrini yalipendeza hata mpita njia angesimama kuyasoma. Na Ladu aliponiuliza kama nimeweka majina, nilimwambia nimeweka. Huo ulikuwa uongo, na niliusema mara tatu.

Alhamisi moja ya mwezi wa nne, saa nne asubuhi, Mama Adau akaingia bila kubisha hodi. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa ghala la chanjo, mwanamke mrefu aliyeishi kambi ya wakimbizi ya Kakuma miaka mingi na kurudi na Kiswahili cha Kenya na subira kidogo sana. Alinitupia karatasi mezani.

"Soma hapo hatua ya tatu."

Nikasoma. Hatua ya tatu ilisema toa boksi la chanjo ya pepopunda. Chini yake palikuwa na nafasi tupu, upana wa vidole vinne, kisha ikaja hatua ya nne.

"Hapa pana onyo," nikasema. "Boksi lisiwekwe kwenye barafu, chanjo ikiganda imeharibika. Nimeliandika mwenyewe."

"Liko wapi?"

Niligeuza karatasi upande wa pili kama mjinga. Hapakuwa na kitu.

"Jana mtu wangu amefuata hiyo karatasi," Mama Adau akasema. "Ameweka boksi mzima juu kwa barafu. Nimelitupa. Na CD za hizi kurasa, za kliniki saba, zinaenda na ndege ya saa nane leo. Mvua ikianza, uwanja wa huko ni matope tu, ndege ingine sijui itaenda lini. Sasa niambie, wamama wajawazito wa huko nitawadunga maji?"

Ladu aliichukua ile karatasi, akaiinua dirishani, akaitazama, na akaelewa kabla yangu. Kompyuta ikichapa kurasa za mtandao kama hizi zetu, huacha rangi ya nyuma ili kubana wino. Kisanduku changu chekundu kilikuwa kimeachwa, zikabaki herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Na sisi wa Juba tulipaswa kuwa watu wa kwanza kulijua hilo, kwa maana ni nani huku anayesoma msaada kwenye skrini? Jenereta inawashwa kwa saa mbili tu, watu wanachapa wanachokitaka, wanakitundika kwa msumari kando ya friji, basi. Mimi kurasa zangu zote nilizikagua kwenye skrini. Sikuchapa hata moja.

"Hakuna shida," Ladu akamwambia Mama Adau. "Mimi naandika mistari nne kwa faili yangu. Kama inachapwa kwa karatasi, kila kitu inaitwa onyo, iwe herufi nyeusi na mpaka mnene. Dakika kumi, kalas, imeisha. Majina Mama Milly ameshaweka."

Maji yalinifika shingoni. Ningeweza kunyamaza. Mama Adau angeondoka na CD zake saba, na mimi ningesalimika hadi mtu wa mbali huko atakapotupa boksi lingine, au asilitupe, alitumie. Nililifikiria hilo, siwezi kukataa, labda kwa muda wa kumeza mate mara mbili. Lakini mficha uchi hazai.

"Sikuweka," nikasema. "Hata moja. Ladu, nilikudanganya."

Mama Adau akavuta kiti akakaa.

"Mimi najua," Ladu akasema.

"Unajua nini?"

"Kama hukuweka. Nimefungua kurasa yako wiki ya kwanza, nikaona."

Hasira zikanipanda, ingawa saa ile sikuwa na haki ya hata robo yake. "Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa naogopa wewe," akajibu, na Mama Adau akacheka kwa pua. "Halafu nikaangalia vile unapaka. Onyo ya kwanza na onyo ya mwisho, herufi kwa herufi ni kitu moja. Hata nafasi kati ya maneno. Mtu mwingine leo angefanya hivi, kesho vile. Lakini kitu kama iko sawa yote, kompyuta inaweza kutafuta yote, ibadilishe mara moja. Hiyo ningefanya leo kimyakimya, usipate aibu."

Sikujua nicheke au nimpige. Alivuta kibodi, akaandika ile mistari yake minne, kisha akanakili maandishi yanayopaka kisanduku changu kimoja, akaiambia mashine iyatafute katika kurasa zote, iyaondoe, na mahali pake iweke lile jina. Tukasubiri. Mashine ikajibu kwamba imebadilisha sitini na moja.

Mimi kila onyo nililoandika nilikuwa nalipigia alama katika daftari. Nikahesabu alama zangu, nikazihesabu tena. Zilikuwa sitini na mbili.

"Moja imebaki," nikasema.

"Gani?" Mama Adau akauliza.

Nililijua kabla hajamaliza kuuliza. Ni moja tu ambalo sikulipaka kama mengine. Nilikuwa nimelipenda kupita yote, nikalikuzia herufi ili hata mwenye macho mabovu asilipite. Kwa sababu hiyo mashine haikulitambua. Lilikuwa hilohilo la pepopunda, lililokuwa tupu mbele yetu mezani.

Ladu akanipisha kwenye kiti chake. Nikafungua ukurasa, nikafuta wekundu wangu, nikafuta weupe, nikafuta zile herufi kubwa, na mahali pake nikaandika neno moja alilokuwa akiniomba wiki zote zile. Kisha nikachapa. Printa ilikohoa, ikavuta karatasi polepole, na ukurasa ukatoka na mpaka mnene mweusi katikati: USILIGANDISHE. LIKIGANDA, LITUPE.

Mama Adau aliisoma kwa sauti, akaipapasa kwa kidole. "Tamam," akasema.

Saa saba kasoro CD ya saba ikatoka, naye akapanda bodaboda na bahasha kifuani. Mimi nilibaki nimekaa, machozi yananitoka bila aibu, na mwili mwepesi kama niliyetuliwa gunia la mihogo. Ladu alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Tuliposikia ndege ikipita juu ya bati, akafunga droo.

"Mama Milly," akasema kwa uangalifu, "na vichwa vya kurasa je? Umeweka majina?"

"Hapana," nikamwambia. "Hata kimoja."

Akavuta kiti kingine karibu yangu, tukaanza na ukurasa wa kwanza.