Konzi ya Nyongeza

Mume wangu Januarius alikuwa na mkono mgumu, na sisemi hivyo kumsengenya marehemu. Miaka ya uhaba aliuza katika duka la ushirika hapa Bariadi. Sukari ikija alijaza kopo, kisha akapitisha kijiti juu ya mdomo wa kopo mpaka punje zote zilizozidi zirudi guniani. Kaya zilikuwa nyingi na gunia lilikuwa moja. Hakuna aliyewahi kusema kwamba alimpendelea hata shangazi yake, na shangazi yake hakumsamehe.

Ndipo biashara ikaachiwa huru. Duka la ushirika likafungwa, na tajiri mmoja wa Mwanza akakodi ghala lililokuwa la pamba, kando ya barabara ya kwenda Lamadi, akaligeuza supamaketi. Umeneja akampa Januarius.

Siku ya kwanza nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Rafu zilianza pale miguuni pangu zikaenda hadi ukuta wa nyuma. Kulikuwa na sabuni za rangi nilizosahau kama ziliwahi kutengenezwa. Taa ndefu nyeupe zilikuwa zinawaka mchana. Na hapakuwa na kaunta ya kukuzuia, unajichukulia mwenyewe. Watu walitembea humo mikono wameifunga nyuma, wakinong'ona kama wako kanisani.

Mzee Masunga, mfugaji wa Lalago, alikuja na wake zake wawili. Alisimama mbele ya biskuti muda mrefu.

"Hivi vyote ni vya nani?"

"Vya atakayenunua, baba," Januarius akamjibu.

"Vyote?"

"Vyote."

Mzee akavua kofia. Kisha akatoka, akavuka barabara, akanunua sukari kwa Nyanjige.

Wote walifanya hivyo. Nyanjige alikuwa na meza ya mbao na magunia matatu, basi. Lakini alijaza kopo mpaka likafanya kichuguu, akalimimina kwenye mfuko wako, halafu akaongeza konzi nzima bila hata kutazama, huku akikuuliza habari za wagonjwa wa nyumbani. Hiyo ndiyo nyongeza. Kwetu, ukinunua bila kuongezwa unaondoka kama uliyefukuzwa. Sukari ya supamaketi ilitoka Mwanza kwenye pakiti zilizofungwa kabisa na magunia ya kuuzwa mazima, na amri ilikuwa visifunguliwe.

Mvua nazo zilikuwa zimechelewa mwaka ule, pamba ikachelewa, watu hawakuwa na kitu. Waliendelea kuleta wageni wao hata kutoka Maswa kuja kutushangaa. Felisita, binti wa mashine ya malipo, alishinda akipanguza vumbi. Mwishowe tajiri akatuma neno: angekuja mwenyewe msimu wa pamba, na kama duka lingekuwa bado la kutazamwa tu, angepakia rafu zake kwenye lori. Januarius hakuwa na kazi nyingine. Shamba tulishawaachia wadogo zake.

"Meneja, tufungue gunia tuuze kama Nyanjige," Felisita alimwambia.

"Mwanza wamekataa."

"Kwani Mwanza ndio wanaonunua sukari hapa?"

Januarius akaenda kuzipanga upya pakiti za sukari. Usiku hakulala vizuri, nami sikumuuliza.

Pamba ikaanza. Safari hii wanunuzi wa pamba hawakuwa ushirika peke yao. Walikuja wafanyabiashara na malori yao, wakilipa papo hapo. Mji ukafurika watu. Asubuhi hiyo Januarius aliburuta gunia la sukari hadi mlangoni, akakata uzi, akaniita nimshikie mfuko.

Wa kwanza kuvuka barabara alikuwa Nyanjige mwenyewe, mikono kiunoni, na nusu ya wateja wake nyuma.

"Mwangaluka, meneja!"

"Mwangaluka, mayu," Januarius akaitikia salamu, akimwita mama kwa Kisukuma chetu.

"Nasikia umejifunza kutoa. Nimekuja kuupima huo mkono wa ushirika."

Watu wakacheka. Januarius akajaza kopo. Niliona vidole vyake vikipapasa ukingoni, vikitafuta kijiti ambacho hakikuwapo. Akamimina. Kisha akatia vidole guniani, akadondosha punje chache.

"Hiyo ni ya kifaranga?" Nyanjige akauliza.

"Na kifaranga chenyewe kinaumwa!" mtu akadakia.

Jasho lilimtoka. Akajaribu tena, na konzi ikapungua njiani kabla haijafika kwenye mfuko. Mkono ulikuwa unajifunga wenyewe. Nyanjige akaacha kucheka. Akasema polepole, "Fungua tu, baba. Siku hizi ipo."

Januarius akazamisha mkono hadi kifundo, akautoa ukimwagika pande zote, akaufungua juu ya mfuko wangu. Sukari ilishuka kama mvua ya mawe kwenye bati. Watu wakasogea kuutazama mfuko. Waliokuwa pale karibu wote walishasimama mbele ya kijiti chake miaka ile.

"Huyu ni Januarius yule yule?" mzee Masunga akauliza. Akapita, akaingia ndani, akanyoosha mkono akachukua biskuti. Wengine wakamfuata, na mashine ya Felisita ikaanza kulia.

Hatukujua kwamba tajiri alishafika na amesimama nyuma ya watu.

"Nani kakuruhusu kufungua gunia?"

"Hakuna, bosi."

Tajiri akatazama sukari iliyomwagika chini, akatazama ndani watu wakibeba sabuni kwa kukumbatia. Akamgeukia Nyanjige.

"Mama, ungekuwa mimi ungemfanyaje?"

"Ningemfukuza leo hii," Nyanjige akasema. "Halafu kesho ningemwajiri kwangu."

Tajiri akacheka mpaka akashika mlango. Alipotulia akamwambia Januarius, "Leta gunia la pili, hili litaisha kabla ya saa sita." Rafu zikabaki Bariadi.

Kesho yake tulipofika kufungua, Nyanjige alikuwa ameshaanza. Alimwekea mteja wake wa kwanza konzi ya nyongeza, akamwekea na ya pili, akatugeukia kuhakikisha tumeona. Januarius alisimama akimtazama, funguo mkononi.

"Mama Evalina," akaniambia, "huyu mwanamke atatufilisi."

Alikuwa anacheka, na ameshaanza kukunja mikono ya shati.