Upenyo Alioujua Griffin

Siku ya kumi tangu Griffin apooze upande wa kulia, Kanze aliketi peke yake katika ofisi yao ya Changamwe, mbele ya kompyuta ya mwalimu wake, akijaribu kuimalizia kazi ambayo hakuianza yeye.

Kazi yao wawili ilikuwa kudukua kwa ruhusa. Mwenye mtandao huwapa barua, nao hujaribu kuingia kama ambavyo mwizi angeingia, kisha humwandikia mwenyewe palipoachwa wazi ili apazibe. Safari hii barua ilitoka hospitali moja ya uzazi, hatua chache kutoka kwenye matangi ya mafuta, na muda wake ulikuwa unaisha Ijumaa saa kumi alasiri. Griffin aliishughulikia kwa wiki mbili. Siku moja kabla ya kuanguka alimpigia Kanze simu, sauti imemchangamka.

"Kanze, pale nimepata upenyo. Tena mkubwa. Akiupata mwenye nia mbaya, faili zote za wagonjwa ni zake. Jumatatu nitakuonyesha."

Jumatatu Kanze alimkuta wodini, mdomo umekwenda upande.

Griffin hakuwa mtu wa daftari. Kila alichokigundua alikiacha katika hifadhidata ya programu yao ya kupimia mitandao: kompyuta zote za hospitali, milango yake ya mtandao na udhaifu wa kila mmoja. Kwa hivyo Jumatano hiyo Kanze hakuwa na wasiwasi. Aliwasha kompyuta, ikajisasisha kwanza kama ilivyozoea, kisha akaifungua programu. Ikamwandikia kwamba haikuunganishwa na hifadhidata yoyote.

Akaizima, akaiwasha. Vilevile. Akajaribu kuiwasha hifadhidata yenyewe kwa amri. Ikakataa, ikamtapikia mistari ya makosa asiyoielewa. Asubuhi ikaenda hivyo. Saa sita Bwana Mwangi, msimamizi wa hospitali, akapiga simu.

"Dada Kanze, Ijumaa ni keshokutwa. Ripoti tutaipata ama tutafute wengine?"

"Mtaipata, Bwana Mwangi. Niko juu yake sasa hivi."

Katika ukurasa mmoja wa mafundi mtandaoni akamkuta mtu aliyepatwa na kosa lile lile. Mwenzake alimjibu kwa amri moja fupi: hii itaiunda hifadhidata upya, dakika mbili umemaliza. Chini yake watu walikuwa wanashukuru. Kanze akaiandika. Kompyuta ikamwuliza: data iliyopo itafutwa, uendelee? Aliyasoma maneno hayo kama mtu anavyoyasoma maandishi ya kwenye pakiti ya dawa, macho yakipita tu. Akajibu ndiyo.

Programu ikafunguka, safari hii imeunganishwa. Kanze akashusha pumzi. Akaomba orodha ya kompyuta za hospitali. Orodha ikaja tupu. Akaomba orodha ya udhaifu. Tupu. Akaurudia ule ukurasa wa mafundi.

Aliposhuka mwisho wa ukurasa ule ule ndipo akaona jibu la mtu mwingine, ambalo hakuna aliyelishukuru. Kompyuta ikijisasisha huleta toleo jipya la hifadhidata, na toleo jipya haliwezi kuzisoma faili za toleo la zamani. Rudisha la zamani kwanza, faili zako ziko salama. Usizifute.

Mchana kutwa alijaribu kuzifukua zile faili zilizofutwa. Alichopata ni vipande visivyosomeka. Nakala ya akiba haikuwepo popote.

Akaupima mtandao wa hospitali upya, Jumatano hadi Alhamisi, akapata makosa madogo madogo tu. Upenyo mkubwa hakuuona. Alhamisi alasiri akachapisha orodha ya kompyuta zote, akaenda nayo Frere Town, kwa Griffin, aliyekuwa amerudishwa nyumbani. Mkewe, Jael, ndiye aliyemfungulia.

"Karibu. Anakusikia, ila maneno yamemkimbia. Limebaki moja tu."

Griffin alikuwa ameegemezwa mito kitini. Alipomwona Kanze macho yalimng'aa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Kesho," alisema Griffin.

Kanze akapiga magoti kando ya kiti, akakamata mkono wake wa kushoto. "Mwalimu, ile kazi ya hospitali. Hifadhidata nimeifuta, kwa kosa langu. Nisamehe. Nitakusomea hizi moja moja. Nikifika penye upenyo, nifinye mkono."

Griffin akaitikia kwa kichwa kwa nguvu. Kanze akaanza. Kompyuta ya mapokezi? "Kesho," akafinya. Ya maabara? "Kesho," akafinya. Ya duka la dawa? Akafinya, akafinya tena, akajaribu kuinua midomo, shingo ikamtoka mishipa. "Kesho! Kesho, kesho." Machozi yakamshuka. Jibu alikuwa analijua, limejaa kifuani, na hakuna njia ya kulitoa.

Jael akaichukua ile karatasi taratibu. "Basi, mdogo wangu. Unamchosha."

Ijumaa Kanze aliipeleka ripoti mwenyewe. Bwana Mwangi akaisoma hadi ukurasa wa mwisho, akakunja uso.

"Hapa umeandika kuna upenyo mkubwa usiojulikana ulipo. Mimi nifanye nini na hili?"

"Mfunge mtandao wa nje, mtuongezee wiki mbili tuutafute."

"Nifunge mtandao, wanawake wanajifungua? Kwa upenyo usioweza kunionyesha?" Hakusema kwa ubaya. "Andika ulichokipata. Hicho kingine kitoe."

Kanze alikataa kukitoa. Bwana Mwangi akaipokea ripoti ilivyo, akaiweka juu ya nyingine, na barua ya ruhusa ikaisha saa kumi. Tangu hapo, kuugusa mtandao ule kungekuwa uhalifu. Mara tatu alipiga simu kuomba barua nyingine. Mara ya tatu haikupokewa.

Siku kumi na tisa baadaye Sista Philister, muuguzi wa hapo, ndiye aliyempigia. Kompyuta zote zilikuwa zimefungwa na watu wasiojulikana walioingia kwa njia ya mtandao, na faili za akina mama hazifunguki. Kanze alifika mbio, ila hakukuwa na la kufanya. Hata Bwana Mwangi alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi yake. Akina mama walikuwa wamejaa ukumbini, na Sista Philister alikuwa akizunguka akiwauliza upya kila kitu: kundi la damu, mimba ya ngapi, dawa gani inakudhuru. Mmoja alikuwa ameshikwa na uchungu na hawezi kujibu.

"Kama umesimama tu, nisaidie kuandika," Sista Philister alimwambia.

Kanze akapokea kalamu, akamwinamia mama aliyekuwa karibu naye, akamwuliza jina.