Vichipukizi vya Delbert

Kila majira ya joto tangu tuoane, mume wangu Delbert alipanda nyanya nyuma ya nyumba yetu hapa West Virginia. Ni zile kubwa za kukata, ambazo kipande kimoja kinafunika mkate na kuning'inia pembeni. Mimi sikuruhusiwa kuzigusa ila kwa kisu. "We Verna mkono wako mzito," alikuwa akisema, "kazi yako kula." Nami nikala, sikuwa na la kulalamika.

Kila asubuhi alipita kwenye mistari akivunja kwa vidole vile vichipukizi vinavyoota kwapani mwa matawi. Ukiviacha, mti unajaa majani na nyanya zinadumaa.

Kisha kumbukumbu zikaanza kumtoka. Kwanza majina, halafu akasahau jiko likiwaka, halafu polisi wakamwokota barabarani amevaa soksi tu. Binti yetu Twyla akaja na neno lake tayari mdomoni: Baba aende nyumba ya kutunzia wazee. Nikampeleka bustanini. Delbert alikuwa amepiga magoti, anafunga miche kwenye vigingi kwa vitambaa vya shati lake kuukuu, kila fundo mahali pake.

"Unaona?" nikasema. "Mtu wa hivi unampeleka wapi?"

Twyla akashusha pumzi. "Haya, Mama. Maadamu anaziweza nyanya zake, abaki. Zikimshinda, usinibishie."

"Zikimshinda nitamfungasha mwenyewe." Mdomo huu wangu haujawahi kunifaa.

Mwezi wa Julai, nikikaanga mayai, nilimwona kupitia dirisha akiwa kazini, nikafurahi kabisa. Nilipotoka kumwita nilikuta vijiti vitupu. Alikuwa amevunja vichipukizi, akavunja ncha, akavunja maua na nyanya changa zote. Amesimama katikati, vidole vya kijani, anatabasamu.

"Mwaka huu zitakuwa kubwa, mama," akaniambia. Jina langu lilikuwa limeshamtoka.

"Kubwa sana, mzee wangu," nikasema. Kisha nikaingia bafuni, nikafungua bomba ili asisikie ninavyolia.

Jumamosi Twyla akaja. Alisimama mbele ya ile mistari.

"Kumetokea nini huku?"

"Mvua ya mawe," nikamwambia. "Imetupiga juzi."

Akatazama nyanya, akatazama maboga yaliyo kando yake. Majani ya maboga ni mapana kama sinia, na hayakuwa hata na tundu. Njia ya mwongo fupi, na yangu iliishia kwenye maboga. Nikasubiri anisute.

"Ilikuwa kali, Mama?" akauliza.

"Kali mno."

"Pole," akasema, akanishika mkono, akaanza kulia. Heri angenigombeza, maana ningepata pa kushikia. Ahadi hakunikumbusha. Nguo za Delbert nilizikunja mimi mwenyewe, shati moja baada ya jingine.

Sasa nje kuna theluji, na dirisha la jikoni limejaa miche ya nyanya kwenye makopo, wakati ambao hakuna mwenye akili zake anayepanda. Kila Jumapili nampelekea mmoja kule kwenye nyumba ya wazee. Anaupakata, anaanzia chini, anavunja mpaka kinabaki kijiti. Muuguzi mmoja, binti mdogo, aliwahi kuninong'oneza, "Bibi, si unaona anaiua?"

"Naona, mwanangu. Ndiyo maana naleta mingine."

Delbert hunirudishia kopo na kuniambia zitakuwa kubwa, nami humwitikia. Halafu narudi nyumbani kumwagilia ile iliyobaki. Huu mkono wangu mzito umejifunza kila kitu isipokuwa kuvunja. Vichipukizi naviacha vyote viote, ili Jumapili akute kazi.